Maji ya Kumpa Mkwe

Lubumbashi, 24 Februari 1975

Ba Mama Ngosa, mama mkwe wangu,

Barua yako ya hasira imefika na lori la samaki, nami nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Samaki wa mpumbu wenye mayai wanaelea matumbo juu kwenye mdomo wa kijito cha Lukonzo, na wanawake wanaoosha samaki kivukoni wanajikuna mpaka damu. Kapya aliposikia alisema tu, "Mama haandiki kurasa nne bure." Mwanao anakujua.

Basi sikukaa kimya. Kazi yangu hapa maabara, ile unayowasifia watu sokoni, ni kupima maji ya ufukweni: yana nini ndani, samaki ataishi humo au atakufa. Nimemwomba mkuu wa maabara yetu, Citoyen Kabwe (siku hizi hatuitani tena bwana), nipime maji yenu chini ya kile kiwanda kipya cha kuosha mawe ya shaba. Amekubali. Amesema watu wa zone, ofisi ya wilaya yenu, nao wanataka ripoti, kwa sababu malalamiko yenu yamewachosha.

Mimi mwenyewe siwezi kuja. Nina mitihani ya wanafunzi, na barabara ya Kasenga mwezi wa Machi unaijua, lori linalala matopeni siku mbili. Kwa hiyo nakutumia kreti yenye chupa kumi na mbili kwa mkono wa dereva Kasimu. Kila Jumatatu, kwa wiki nne, ujaze tatu: moja kwenye mdomo wa Lukonzo, moja kivukoni mnapooshea samaki, moja juu kule kwenye pantoni. Nimeandika namba kwenye vifuniko. Ndani ya kreti kuna karatasi ya maabara inayoeleza namna ya kufanya kazi.

Ningeweza kumwomba mtu wa ofisi. Sikutaka. Ninayemwamini huko ni wewe.

Mkweo,
Zabibu Feruzi


Kasenga, 27 Machi 1975

Kwako mkwe wangu Zabibu, muke wa Kapya,

Chupa zako hizo hapo, kumi na mbili, hakuna iliyovunjika. Nimezifunga kwa majani makavu ya migomba, na nimemwambia Kasimu kwamba akizikalia nitamkalia yeye.

Kazi uliyonipa nimeifanya kwa moyo. Usiwe na wasiwasi, nimeifanya inavyotakiwa kwa kitu kinachokwenda kwa mkwe. Hutaona aibu mbele ya hao mabwana wako. Wanawake wenzangu walinicheka, wakasema, "Ba Ngosa, tangu lini mayi inapanda lori?" Nikawajibu kwamba maji haya yanakwenda kusoma chuo kikuu, wao wabaki na chumvi yao.

Lakini hapa hatucheki sana. Wiki iliyopita tulitupa nusu ya samaki wetu kwa sababu walitoa harufu ya chuma hata baada ya chumvi. Wanunuzi wa Kamalondo, huko kwenu mjini, waliwarudisha, na wana haki. Mwaba, yule mwenye sauti kubwa anayeongoza kikundi chetu cha kivukoni, alipanda mpaka kiwandani kuuliza. Mlinzi akamwambia arudi na karatasi. Mtu anaoza vidole anaambiwa alete karatasi! Sasa Mwaba anawaambia wote kwamba karatasi inakuja, inaandikwa na mkwe wa Ngosa, na mkwe wa Ngosa hadanganyi.

Usiangalie mwandiko wangu, kalamu hii inateleza.

Umbusu mwanangu. Mwambie ale.

Mimi mama yako,
Ngosa Chanda


Lubumbashi, 21 Aprili 1975

Mama mkwe mpendwa,

Nakuandikia kwa haraka. Maji yamepimwa, chupa zote kumi na mbili. Najua hukutarajia haya: maji ni mazuri. Shaba imo kidogo sana, chini ya kiwango, na hayana tope wala uchungu. Hata chupa za mdomo wa Lukonzo ni safi kuliko bomba letu la hapa mjini.

Samaki waliokufa huenda walikosa hewa. Mvua kubwa huleta majani yanayooza, na hapo samaki hufa bila kosa la mtu. Mikono ya wanawake huenda ni chumvi. Jaribuni kuvaa glavu za mpira.

Citoyen Kabwe ameipenda ripoti, ameipeleka zone siku ileile. Kuna na jingine. Nafasi ya Moanda nimeipata! Ni utafiti wa maji ya pwani, kwenye kile kipande kidogo cha bahari ambacho nchi yetu inacho, miezi mitatu, na vyombo vipya. Nimeisubiri miaka mitano. Citoyen Kabwe alisema sipewi mpaka nimalize kazi ya Kasenga, na sasa imekwisha. Naondoka tarehe sita Mei.

Asante kwa kazi nzuri. Naona ulifuata karatasi.

Zabibu


Kasenga, 25 Mei 1975

Kwa Madame Docteur Zabibu,

Leo sikuiti mkwe. Nitakuita jina walilokuita wale waheshimiwa watatu wa zone walipokuja hapa Jumatano na gari lenye bendera.

Walitukusanya kivukoni. Wakaifungua karatasi yako, mmoja akaisoma kwa Kifaransa, mwingine akaigeuza kwa Kiswahili. "Muko nasikia? Docteur Zabibu, muke wa mutoto wa hapa hapa, njo ameandika. Mayi iko propre, iko safi. Mwenye kusema haiko vile, iko adui wa Chama." Wakapiga makofi wenyewe. Halafu wakatuambia tuwapigie makofi na sisi.

Nikapiga, Zabibu. Nilipiga makofi kwa mikono hii.

Mwaba hakupiga. Alisimama na ndoo yake, akasema, "Kama iko propre, kiwanda kinywe." Wakamchukua. Mpaka leo yuko ndani, na watoto wake wanne wanakula kwangu. Wanasema ni mchochezi. Wanasema alitaka kuchafua jina la kiwanda kinacholeta maendeleo, na ushahidi kwamba anasema uongo ni wewe.

Unajua kinachonichoma? Si wao. Wao ndivyo walivyo. Kinachonichoma ni kwamba walipokutaja kuwa mke wa mtoto wa hapa, wanawake wote waligeuka kuniangalia. Niliwaambia mkwe wangu hadanganyi, niliwaambia kila siku kwa wiki nane. Sasa nikipita wanainama kwenye samaki wao, hakuna anayeitika salamu yangu.

Maji haya yanaua. Mimi nayaona kwa macho. Wewe uliyasoma kwenye chupa ukaona ni mazuri kuliko bomba. Nani amekununua? Ni hiyo bahari yako? Walikupa bahari ukawapa mto?

Kapya sijamwandikia. Sijui nimwambie nini kuhusu mke wake.

Ngosa Chanda


Moanda, 29 Juni 1975

Mama Ngosa,

Kapya amenitumia barua yako kwa posta, imechukua wiki nne.

Nani ameninunua? Hakuna! Baba yangu alishona kanzu za watu Kamalondo miaka thelathini, na hakuna aliyewahi kusema fundi Feruzi alimwibia kitambaa. Mimi ni binti yake. Sijawahi kuandika namba ambayo chombo hakikunionyesha.

Nasikitika kwa Mwaba. Nimesikitika sana. Lakini sikumfunga mimi, na siwezi kubadilisha vipimo kwa sababu rafiki yako ana mdomo. Sayansi haiulizi nani analia.

Ngoja nikueleze kazi hii inavyofanywa, maana naona unadhani ni uganga. Hapa Moanda naamka alfajiri na kuingia baharini mwenyewe, mpaka kiunoni. Chupa naishika chini, nazamisha mdomo wake ukielekea mkondo unakotoka, ijae yenyewe. Sigusi mdomo wa chupa kwa kidole. Sitoi kitu, siongezi kitu. Mchanga ukiingia, uingie. Uchafu ukiingia, ndio niliokuja kuutafuta. Nafunga hapohapo chini ya maji. Ndiyo maana namba zangu zinaaminika kutoka hapa mpaka Ulaya.

Chupa zako hazikudanganya, Mama. Chupa haina ukoo wala jirani. Kama unashuku, jiulize wewe: ulizijaza wapi, ulizijaza vipi? Niandikie hatua kwa hatua. Nijue kama ulifuata karatasi au ulikuwa unapiga soga na wenzako kivukoni. Unajua chumvi kuliko mtu yeyote, nakubali. Maji niachie mimi.

Zabibu Feruzi


Kasenga, 20 Julai 1975

Zabibu,

Umeniuliza ulizijaza vipi. Kaa chini nikuambie vipi.

Kwanza karatasi yako. Ilikuwa ya Kifaransa, mistari midogo, na alama zake. Mimi masista walinifundisha kusoma na kuandika Kiswahili, na hesabu ya kujumlisha. Wewe unajua hilo, umepokea barua zangu miaka saba. Kumwomba mtu anisomee nilishindwa. Nimeshawatangazia wote kwamba mkwe wangu ameniamini mimi kwa kazi ya chuo kikuu, halafu nizunguke nyumba kwa nyumba na karatasi nisiyoielewa? Hiyo ni jeuri yangu, nakubali. Wewe nawe kubali yako.

Sasa maji. Ilikuwa Machi. Mto ulikuwa mwekundu wa mvua, na pale kwa Lukonzo ulikuwa na utandu wa kijani. Kwetu hapa, mtoto anapoolewa au kuoa, jambo la kwanza mama anafundishwa ni kwamba mkwe hapewi maji yenye tope. Unaweza kukosa nyama, unaweza kukosa kiti, lakini maji ya mkwe yawe meupe. Ukimpa yenye uchafu umemtukana yeye na waliomzaa. Ulipokuja kwangu mara ya kwanza, na kitambaa chako kichwani na miguu yako inaogopa, unakumbuka nilikupa nini kwenye bakuli jeupe? Maji. Ukasema hujawahi kunywa maji matamu hivyo.

Ndivyo nilivyofanya. Nilichota nilipoambiwa, kila namba mahali pake. Nikayachuja kwa kipande kipya cha amerikani nyeupe, mara mbili. Nikayaweka kwenye mtungi wa udongo siku tatu yatulie. Nikayamimina ya juu polepole kwenye chupa zako, tope likabaki chini. Chupa nilizisugua kwa majivu kabla. Siku tatu, Zabibu, kila wiki, nikilinda mitungi mitatu kuku wasiitie mdomo. Nilifikiri unayahitaji ukayaonyeshe kwa wakubwa. Nilifikiri maji yakifika machafu watasema mama mkwe wake ni mshenzi.

Na sasa wewe unaniandikia, "Uchafu ndio niliokuja kuutafuta." Mbona hukuniambia? Maneno matatu tu! Usisafishe, leta hivyohivyo. Kule baharini unaingia mwenyewe mpaka kiunoni, kwa mkono wako, alfajiri. Kwetu ulituma kreti. Samaki wa bahari wana heshima kuliko sisi?

Kile kitambaa cha amerikani nakutumia. Nimekifua kwa sabuni mara tano na kwa ndimu mara moja, rangi ya kijani haitoki. Kiangalie. Halafu uniambie tena kuhusu soga.

Ngosa Chanda


Lubumbashi, 18 Agosti 1975

Mama,

Nimerudi kutoka Moanda Jumanne. Barua yako na kitambaa vilikuwa juu ya meza, Kapya amevikalia wiki tatu bila kunitumia. Alinitazama nikisoma. Nilipomaliza akatoka nje.

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanza na lililo baya zaidi. Nilijua.

Sikujua ulichuja. Lakini mto wa Machi hauwezi kuwa mweupe, na hilo linajulikana hata na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nilipozifungua chupa zile nikaona maji kama ya kisimani, nilisimama. Nakumbuka nilisimama. Swali lilikuja mpaka kwenye ulimi: haya yametoka wapi? Nikalimeza. Moanda ilikuwa inangoja, Citoyen Kabwe alikuwa anagonga mlango kila siku, na jibu zuri lilikuwa tayari mezani. Nikaandika. Wewe ulidanganywa na adabu yako, lakini mimi nilijidanganya kwa makusudi. Hata lile la mikono na chumvi nilikuwa nalibuni hapohapo. Naona haya kukuandikia haya, na hasira niliyo nayo juu yangu sijawahi kuwa nayo juu ya mtu.

Kitambaa nimekipima. Shaba imejaa, na vingine vibaya kuliko shaba. Sumu ile hushikamana na tope, na udongo wa mtungi wenyewe hunyonya madini. Ungetafuta njia ya kuificha sumu usingepata iliyo bora.

Nilikimbia na kitambaa mpaka kwa Citoyen Kabwe. Hakukigusa. Akasema, "Citoyenne, chiffon haiko échantillon. Rapport ilishapata tampon, bakubwa balishafurahi." Yaani kitambaa si sampuli, na ripoti imeshapigwa muhuri. Nikamwambia nitaandika barua ya kusahihisha. Akafikiri kidogo, halafu akacheka, akanipa njia. "Basi andika ule mumama njo aliharibu mayi. Wewe utabakia propre."

Ndivyo ilivyo, Mama. Ili ripoti ife, lazima niseme sampuli zilichujwa. Nikisema zilichujwa, wataniuliza na nani. Na ukitajwa, kwa watu hawa jina la kosa hilo ni hujuma, na unajua Mwaba yuko wapi kwa neno dogo kuliko hilo. Nimekaa na karatasi siku nne. Naweza kuandika bila jina, watasema nimebuni. Naweza kunyamaza, na mtaendelea kuoza vidole kwa sahihi yangu. Sijui nifanye nini.

Zabibu


Kasenga, 27 Agosti 1975

Zabibu,

Hujui ufanye nini! Umesoma miaka yote hiyo, umevuka nchi kwa ndege, halafu unaniuliza mimi mtia chumvi samaki?

Mwaba alitoka Ijumaa. Amekonda, jino moja hana, na sauti ni ileile. Nilimwendea nikamweleza mtungi na kitambaa, vyote, mbele ya wanawake wote, nikiwa nimesimama. Ilinichukua muda. Nilifikiri atanitemea mate. Aliniangalia akasema, "Ba Ngosa, balinifunga juu ya mayi ya mukwe?" Akacheka mpaka akakaa chini, halafu akalia. Na mimi nikalia naye, nikiwa na hasira hata ya kulia kwenyewe.

Sasa sikiliza. Andika jina langu. Liandike lote, Ngosa Chanda, muuza samaki wa chumvi, kivuko cha Kasenga. Sema nilichuja. Sema kwa kitambaa gani. Nina miaka sitini na moja, wakinitaka wanajua ninapolala.

Lakini kama jina langu litakuwa kwenye karatasi hiyo, na lako liwe chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule. Andika kwamba wewe ulituma karatasi ya Kifaransa kwa mtu asiyejua Kifaransa. Andika kwamba hukuja. Andika ulisimama mbele ya chupa ukameza swali. Yule mkuu wako asipate mahali pa kukutenga na mimi. Akitaka kumtupa mchafu, tuko wawili.

Ukiniacha mimi peke yangu kwenye karatasi sitakusamehe. Ukijiweka wewe peke yako ili unifiche, hapo pia sitakusamehe. Mimi si mtoto wa kufichwa.

Mama yako, ndiyo, bado,
Ngosa Chanda


Lubumbashi, 5 Septemba 1975

Mama yangu,

Imekwenda. Majina mawili, herufi sawa. Nimeandika yote, na lile la kumeza swali nimeliandika mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nililipamba.

Safari ya kurudi Moanda wamenifutia. Vyombo wamepewa mtu mwingine. Citoyen Kabwe hanisalimii tena, na ruhusa ya kutoka mjini nimenyimwa mpaka tume ya zone ikae tarehe ishirini na tisa. Ufunguo wa maabara hawajaninyang'anya, nadhani wamesahau. Tume imesema haitasikiliza kitambaa, inataka sampuli mpya zilizochukuliwa inavyotakiwa. Wanajua siwezi kuja, ndiyo maana wamesema hivyo. Wanadhani mlango umefungwa.

Kasimu amebeba chupa kumi na mbili. Huu ni wakati mzuri: kiangazi, hakuna mvua, mto hauna udongo wa mashamba. Kitakachoonekana kitakuwa cha kiwanda peke yake. Chukua siku moja tu, nne kila mahali. Karatasi ni hii hapa, ya mkono wangu:

Usioshe chupa, nimeziosha.
Usichuje. Usiweke kwenye mtungi. Chochote kitakachoingia, kiache.
Zamisha chupa mdomo ukielekea mkondo unakotoka, ufunge chini ya maji.
USIINGIE MAJINI. Panda mtumbwi, tumia kamba na jiwe.
Mwaba na mtu mwingine washuhudie, waandike majina.

Nisamehe kwa ile barua ya Moanda. Kila neno lake linanirudia.

Zabibu wako


Kasenga, 19 Septemba 1975

Kwako mkwe wangu Zabibu,

Anayeandika ni Mwaba, mimi nasema. Usishangae mwandiko, leo nimechoka.

Chupa zako hizo. Ni chafu. Nimetazama ile ya kwanza ikijaa nikataka kuimwaga, mkono wenyewe ulikuwa unakataa. Tangu nizaliwe sijampa mkwe kitu kama hiki. Mama yangu angefufuka angenipiga. Ndani kuna utandu wa kijani, kuna mchanga, kwenye namba saba kuna kipande cha pezi la samaki. Sikutoa kitu.

Wapelekee. Wawekee mezani kama zilivyo. Na wakikuuliza nani amekutumia uchafu huu, waambie ni mama mkwe wangu, kwa heshima zote.

Hapa hatujambo.

Ngosa Chanda

Zabibu, hapa nimemaliza ya Ba Ngosa, hii ni yangu mimi Mwaba, yeye hajui ninaiandika. Si kweli kwamba hatujambo. Mikono yake imeisha. Ngozi ya vidole imetoka tangu Machi, alikuwa anaificha kwenye kitenge, na zile barua zote alikuandikia kalamu ameifunga kwa uzi kwenye kidole. Sasa hata uzi haushiki. Wenye mitumbwi walionywa wasitubebe, wote wakakataa. Tulimwambia ba mama, sisi tutaingia, wewe kaa. Akatufokea, "Hii kosa iko yangu, tokeni!" Akajifunga chupa kwenye mkono kwa kipande cha kitenge na akaingia mwenyewe, kwa Lukonzo, kivukoni, na pantoni, mara kumi na mbili. Alisema wewe baharini uliingia mpaka kiunoni. Alisimama palepale, mpaka kiunoni, hakwenda mbele wala hakurudi nyuma.


Lubumbashi, 30 Septemba 1975

Mama,

Chupa zimefika zote. Nimepima siku tatu bila kutoka, Kapya ananiletea chakula mlangoni. Maji ya kivukoni yana shaba mara kumi na moja ya kiwango. Ya Lukonzo sitaandika hapa, utaniuliza nikifika. Jana nimezipanga mbele ya tume, chafu kama zilivyo, na namba saba nikaiweka karibu kabisa na mkono wa Citoyen Kabwe. Ripoti ina majina matatu: lako, la Mwaba, na langu. Ile ya kwanza wameifuta, imepigwa mstari mwekundu mbele ya macho yangu, kwa hiyo hakuna atakayeitwa mwongo tena kwa sahihi yangu. Kuhusu kiwanda wamesema watafikiri. Nimewaambia wafikiri haraka, kwa sababu nimeandika nakala tano na sitasema ziko wapi. Sijawahi kusema na wakubwa hivyo. Sauti ilikuwa yako.

Jioni wamenitaka ufunguo. Nimewapa.

Nakuja Alhamisi kwenye lori la Kasimu, juu ya magunia ya chumvi, bila ruhusa ya mtu. Nakuja na dawa ya mikono, bandeji, na madumu mawili ya maji ya kunywa, na usithubutu kunikaribisha na bakuli.

Mwaba ameniambia. Usimgombeze, afadhali yeye ananiambia ukweli. Nina hasira nawe, Mama, hasira ambayo sijui niiweke wapi. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya Kifaransa, kosa ni langu, nimekubali mbele ya watu. Lakini hii ya pili niliiandika kwa Kiswahili. Mstari wa nne. Kwa herufi kubwa. Utakaa chini unieleze ulisoma nini.

Mpaka nifike, usiguse mto.

Binti yako,
Zabibu